Ncha Mbili za Kebo: Istilahi ya Kiswahili Mbele ya Chombo

Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umezoea kuendeshwa mezani. Neno hupendekezwa, hupimwa kwa asili yake, kwa urefu wake na kwa utamu wake masikioni, kisha hukubaliwa au hukataliwa. Ni mara chache neno hilo hupelekwa mbele ya chombo linachokitaja na kuulizwa swali moja tu: je, mtu akilifuata neno hili kama lilivyo, pasipo msaada wa lugha nyingine, atakiunganisha chombo sawasawa au atakiharibu? Mhadhara huu unakusudia kuuliza swali hilo na kulijibu kwa mfano mmoja.

Mfano uliochaguliwa ni uunganishaji wa diski za hifadhi katika seva kwa mfumo wa SCSI wa kebo bapa. Mfumo huo ulitawala katika seva tangu miaka ya 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, na leo umeachiwa mashine kongwe ambazo bado zina kumbukumbu za watu ndani yake. Umechaguliwa kwa sababu kanuni zake zimekwisha kutulia na hazina ubishi. Panapokosekana ubishi kuhusu chombo, kosa la neno huonekana wazi zaidi.

Kiswahili hakikuingia katika uwanja huu mikono mitupu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kazi hizo zimekipa Kiswahili maneno kama faili, hariri, futa na hifadhi. Hata hivyo, mengi ya maneno hayo ni maneno ya juu ya kioo. Mtumiaji akilikosea neno la kioo, hubonyeza kitufe kingine na kurudi alikotoka. Chini ya kioo mna shaba na umeme, na huko hakuna kitufe cha kutengua. Ndiko istilahi inakopata mtihani wake mgumu.

Chombo chenyewe

SCSI ni jina la herufi nne ambalo mafundi hulitamka "skazi". Asili yake ni kazi ya kampuni ya Shugart Associates ya Marekani, iliyoendelezwa kwa ushirikiano na NCR, na ikawa kiwango rasmi cha nchi hiyo mwaka 1986. Umbo lake ni rahisi kueleza. Katika seva huchomekwa kadi iitwayo adapta, au adapta hiyo huwa imejengwa ndani ya bodi mama. Kutoka kwenye adapta hupita kebo moja, na diski huning'inia juu ya kebo hiyo moja baada ya nyingine, mfano wa samaki katika mtungo. Mtungo huo hauna tawi. Ukiutazama tangu ncha moja hadi ya pili, hupiti njia panda yoyote.

Kila kifaa juu ya mtungo, adapta ikiwa mojawapo, hupewa nambari yake. Katika kebo ya biti 8 nambari ni 0 hadi 7, na katika kebo pana ya biti 16 ni 0 hadi 15. Nambari hiyo hupangwa kwa vijiti vidogo vya jampa nyuma ya diski, kwa swichi, au na bodi ambayo diski huchomekwa moja kwa moja bila kebo ya pekee. Vifaa viwili vikipewa nambari moja, njia huvurugika, na mara nyingine kimoja hakionekani kabisa. Kwa desturi adapta huchukua nambari 7, kwa kuwa 7 ndiyo yenye kipaumbele cha juu pindi vifaa viwili vinapotaka kusema kwa wakati mmoja. Kipaumbele hushuka kutoka 7 hadi 0, kisha huendelea kutoka 15 hadi 8. Kwa hiyo katika kebo pana, 15 iko chini ya 0. Mpangilio huo unashangaza, lakini una sababu yake: mfumo mpana ulikuja baadaye, nao ulilazimika kuheshimu haki za waliotangulia.

Hapa istilahi inapata fundisho lake la kwanza. Tarakimu hizi hazionyeshi ukubwa wala mahali. Diski yenye nambari 0 yaweza kukaa katikati ya kebo, na yenye nambari 3 ikakaa mwishoni. Mwandishi wa mwongozo akiiita "nambari ya mpangilio" au "nambari ya nafasi", atakuwa amemwambia msomaji jambo lisilo kweli, na uongo huo utazaa kosa mahali pengine, kama itakavyoonekana. "Nambari ya utambulisho" ni neno refu, lakini ni la kweli. Linasema kwamba nambari ni jina la kifaa na si cheo cha foleni.

Mwangwi katika waya

Anayesimama pwani wakati maji yamejaa huona mambo mawili. Wimbi linapogonga ukuta wa bandari hurudi nyuma, likakutana na wimbi linalokuja, na maji yote ya mbele ya ukuta yakachafuka. Wimbi lilo hilo likipanda ufuko wa mchanga wenye mteremko, hupungua taratibu, likamezwa, wala halirudi. Bahari ni ile ile na wimbi ni lile lile. Tofauti ni kile ambacho wimbi limekikuta lilipofika.

Ishara ya umeme ndani ya kebo hufanya vivyo hivyo. Ikifika kwenye ncha ya waya iliyoachwa wazi, haipotei hewani. Hurudi ndani ya waya, ikagongana na ishara zinazofuata, na diski inayosikiliza ikasoma 1 palipoandikwa 0. Ili ishara isirudi, kwenye ncha huwekwa ukinzani unaolingana na tabia ya kebo yenyewe. Ishara huuona ukinzani huo kana kwamba ni kebo isiyokwisha, ikaingia na kumezwa.

Katika umbo la zamani la kifaa hicho, kila waya wa ishara huunganishwa na umeme wa volti 5 kupitia kikinza cha omu 220, na huunganishwa na ardhi kupitia kikinza cha omu 330. Hesabu yake ni nyepesi: waya ukiachwa peke yake hukaa kwenye volti 3, na ishara inayofika huona ukinzani wa omu 132. Umbo la baadaye lilitumia kidhibiti cha volti 2.85 na vikinza vya omu 110, nalo likawa tulivu zaidi kwa kuwa halikuyumba pamoja na umeme wa chanzo. Vyote viwili huhitaji kulishwa umeme kupitia waya maalumu wa kebo, na kwa kawaida adapta ndiyo hulisha. Umeme huo ukikatika, kifaa kipo mahali pake lakini kazi yake imekufa.

Kebo ina ncha mbili, kwa hiyo vifaa hivyo ni viwili. Kimoja hakitoshi, kwa sababu wimbi husafiri pande zote. Vitatu navyo vimezidi. Kifaa kinapotaka kusema katika mfumo huo wa zamani, huuvuta waya chini hadi karibu na sifuri. Kwa hesabu ya juu juu, kila ncha humtaka anayevuta abebe takriban miliampea 23. Ncha mbili humtaka abebe 45, naye ameundwa kubeba 48. Akiongezewa ya tatu, mzigo hufika 68. Hapo waya hauvutiki hadi chini ipasavyo, na kifaa kilichowekwa katikati kwa nia ya kusaidia huwa ndicho chanzo cha maradhi.

Adapta iko wapi?

Kanuni yote yaweza kusemwa kwa sentensi moja: mahali pa kumeza mwangwi ni ncha mbili za kebo, na si pengine popote. Ugumu huja fundi anapotakiwa kujua ncha ziko wapi.

Chukuliwe seva yenye diski nne za ndani na hakuna kifaa cha nje. Kebo inaanzia kwenye adapta na inaishia kwenye diski ya nne. Adapta ni ncha moja, kwa hiyo umezaji wake uwashwe katika programu ya usanidi. Upande wa pili, diski ya mwisho iwashiwe wake, au kebo iwe na kifaa chake kwenye ncha. Diski za Ultra2 na zilizofuata, zinazotumia ishara ya jozi za waya zenye tofauti ndogo ya volti, hazina kifaa hicho ndani yake. Kwazo, kifaa cha mwisho wa kebo ni lazima. Diski tatu za katikati zisiwashiwe chochote.

Kisha mwenye seva ananunua mashine ya tepu ya kuhifadhia nakala, na kuiunganisha kwa soketi ya nje ya adapta ile ile. Hakuna diski iliyoguswa wala nambari iliyobadilika. Lakini mtungo umerefuka upande wa pili, na adapta, ambayo jana ilikuwa ncha, leo iko katikati. Umezaji wake sasa uzimwe, na tepu iwe ndiyo ncha mpya. Fundi asiyelijua hili hushangaa kuona seva iliyofanya kazi vyema kwa mwaka mzima ikianza kusumbua siku alipoongeza chombo kisichohusiana na diski.

Hali ya tatu ni ya adapta yenye soketi tatu katika mkondo mmoja: ya kebo pana ya ndani, ya kebo nyembamba ya ndani na ya nje. Zikitumika zote tatu, mtungo unapata tawi, na mtungo wenye tawi una ncha tatu. Hakuna usanidi wa kuponya hali hiyo. Soketi moja iachwe. Na hata soketi mbili zikitumika, moja pana na moja nyembamba, upande mwembamba hubeba biti 8 tu, na biti nane za juu huwa zimefika mwisho wake palepale kwenye adapta. Hapo adapta ni katikati kwa nusu ya nyaya na ni ncha kwa nusu ya pili. Umezaji wa biti za chini huzimwa, na wa biti za juu huwashwa.

Pia kuna suala la mchanganyiko. Katika mtungo wa Ultra160 au Ultra320, kifaa kimoja cha mfumo wa zamani wa waya mmoja kwa kila ishara huwashusha wote. Mtungo uliokuwa na haki ya kufika mita 12 hurudishwa kwenye mwendo wa zamani na mipaka yake, ambayo kwa vifaa vingi ni mita 1.5.

Hasara ya mambo haya haiji kwa kishindo. Laiti mtungo uliokosewa ungekataa kuwaka, fundi angerekebisha siku hiyo hiyo. Mara nyingi huwaka. Diski zinaonekana, faili zinafunguka, na mwenye seva anatia saini ya kupokea kazi. Kisha, siku seva inapobanwa na shughuli nyingi, makosa ya usomaji huanza kujitokeza, njia hujianzisha upya, diski nzima ikatangazwa kuwa mbovu, ikabadilishwa, na mpya nayo ikatangazwa mbovu. Wakati huo rekodi za malipo, za wagonjwa au za mitihani zinaandikwa juu ya waya wenye mwangwi. Haya ndiyo yaliyo hatarini neno moja linapochaguliwa vibaya.

Neno mbele ya chombo

Kifaa cha kwenye ncha kiitweje kwa Kiswahili? Majina manne yanaweza kufikiriwa, na kila moja lipelekwe mbele ya chombo.

La kwanza ni "kikomo". Ni neno lililo tayari katika lugha, fupi na zuri. Lakini kikomo ni mpaka: kikomo cha mwendo, kikomo cha umri. Linataja mahali au kiasi, halitaji kitu chenye kazi. Fundi akiambiwa "zima kikomo cha adapta", aweza kuelewa kwamba anaondoa mpaka wa idadi ya diski. Ameelewa Kiswahili sawasawa, na amekosa chombo.

La pili ni "kizibo". Lina sifa ya kutaja kitu kinachoshikika, na kwa hakika baadhi ya vifaa hivi vina umbo la kizibo kinachofunika soketi. Hata hivyo kizibo huzuia. Anayeziba ncha ya bomba hulirudisha maji yalikotoka. Neno hili linafundisha kinyume kabisa cha fizikia ya kifaa: linamwonyesha msomaji ukuta wa bandari mahali penye ufuko.

La tatu ni "kimalizio". Linakubalika kwa kuunda, kwani limefuata njia ya kawaida ya kunyambua nomino kutokana na kitenzi. Udhaifu wake umejificha ndani ya maana. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, mwisho ni mwenzi wa mwanzo. Kila chenye mwisho kina mwanzo wake, na kinachomaliza huwekwa mwishoni peke yake. Msomaji atauona mwanzo wa kebo kwenye adapta, kwa kuwa huko ndiko amri zinakotoka, na ataweka kimalizio kimoja kwenye diski ya mbali. Iwapo nambari za diski nazo zimeitwa "nambari za mpangilio", atakiweka kwenye diski yenye nambari kubwa kuliko zote, hata kama diski hiyo iko katikati ya kebo. Kosa la neno la kwanza limeoana na kosa la neno la pili, nao wamezaa seva inayougua.

La nne ni "tamineta", neno la mkopo kama linavyoweza kusikika karakanani. Kwa mtu ajifunzaye halisemi chochote. Lakini kutosema chochote si kosa kubwa kuliko yote. Neno lisilosema kitu humlazimisha msomaji aulize, ilhali neno lisemalo uongo humpa jibu kabla hajauliza. Kwa kipimo hiki mkopo uliwashinda watatu waliotangulia, na wapenzi wa usanifishaji hawana budi kulikiri hilo.

Hata hivyo, mkopo haukuwa njia pekee iliyobaki. Kiswahili kina muundo wa kuunda majina ya vyombo ambao wazungumzaji wameuzoea kiasi cha kutouona tena: kipaza sauti, kinasa sauti, kipima joto. Muundo huo hutaja kitendo na mtendewa kwa pamoja, na ndani yake kazi ya chombo husemwa yote. Kwa kuufuata, kifaa cha kwenye ncha ni "kimeza mwangwi". Jina hili halisemi mahali, kwa hiyo halidanganyi kuhusu mahali. Linasema kazi, na kazi yenyewe humwongoza fundi. Akijua kuwa chombo humeza mwangwi, atajiuliza mwangwi huzaliwa wapi, na jibu litamfikisha kwenye kila ncha ambako waya unaishia.

Neno "ncha" nalo lapasa kulindwa. Tofauti na mwisho, ncha haidai mwanzo. Kamba ina ncha mbili, na hakuna aulizaye ipi ni ya kwanza. Mwongozo ukiandika "weka kimeza mwangwi kwenye kila ncha ya kebo", sentensi hiyo fupi itakuwa imebeba hesabu ya viwili, mahali pake na sababu yake. Ukiandika "weka kimalizio mwishoni", itakuwa imebeba nusu tu.

Yaweza kupingwa kwamba mfumo wenyewe umepita, na kwamba kuuundia maneno ni kushona kanzu ya marehemu. Ni kweli kwamba kuanzia katikati ya miaka ya 2000 seva zilihamia mfumo wa SAS, ambamo kila diski ina njia yake hadi kwenye adapta au kigawanyaji, na umezaji wa mwangwi umefichwa ndani ya saketi zenyewe. Fundi wa leo hawashi wala hazimi kitu. Lakini kanuni haikufa pamoja na kebo bapa. Mtandao wa waya unaounganisha vidhibiti ndani ya magari ya kisasa una ncha mbili, na kwenye kila ncha mna kikinza cha omu 120. Fundi wa magari anayepima kati ya nyaya mbili za mtandao huo, gari likiwa limezimwa, hutarajia kukuta takriban omu 60. Akikuta 120, ajue kimeza mwangwi kimoja kimepotea. Neno lililoundwa kwa kufuata kazi limetoka kwenye chumba cha seva na kuingia gereji bila kubadilishwa hata herufi. "Kizibo cha diski" kisingeweza safari hiyo.

Hitimisho

Mhadhara huu haukudai kwamba kila istilahi ieleze fizikia yote ya kitu inachokitaja. UKIMWI ni neno lililoundwa kwa ufupisho, nalo limefanya kazi yake kwa miongo kadhaa bila ya kila mtamkaji kukumbuka maneno yaliyolizaa. Lililodaiwa ni dogo zaidi, na ni gumu zaidi kulitimiza: istilahi isimpeleke mtu anayeifuata kwa uaminifu kwenye kosa.

Kwa wanafunzi wa isimu, dai hilo lina maana ya utendaji. Orodha ya istilahi isikamilike kabla ya kila neno kutiwa ndani ya sentensi ya amri, sentensi ya aina ambayo fundi ataisoma huku bisibisi iko mkononi: washa hiki, zima kile, weka hapa. Neno linalopendeza likiwa peke yake katika safu ya kamusi huweza kuaibika ndani ya amri. Na amri hiyo isomwe mbele ya chombo, na mtu ambaye hajaona neno la asili katika lugha ya kigeni. Akiunganisha sawasawa, neno limefaulu. Akikosea, anayepaswa kusahihishwa si yeye.